Komponenti ya orodha inayojua kila kitu: dhana potofu na ukweli

Kila ninapoitwa kukagua msimbo wa programu ya wavuti, hufika wakati mwenyeji wangu akafungua faili la komponenti ya orodha, yaani kipande cha msimbo kinachochora orodha kwenye skrini, na kunieleza kwa fahari kwamba hiyo moja inahudumia skrini zote. Nikiuliza inapokea vigezo vingapi, yaani mipangilio inayopewa na anayeiita, fahari hupungua kidogo. Mara ya mwisho vilikuwa 31, na 14 kati ya hivyo vilikuwa vya ndiyo au hapana: onyeshaPicha, onyeshaBei, fichaTarehe, niFinyu, ruhusuKuchagua na ndugu zao. Dai lenyewe, kwamba komponenti hutumika tena kwa kadiri inavyokubali vigezo vingi, nimelisikia mara nyingi mno kuliacha lipite.

Ukweli ni kinyume chake. Vigezo 14 vya ndiyo au hapana huzaa michanganyiko 16,384, na hakuna aliyewahi kuketi akaijaribu yote. Mingi haina hata maana: niFinyu ikiwashwa pamoja na onyeshaPicha, picha inakuwa ndogo, inafichwa, au inausukuma mstari mpaka unaacha kuwa finyu? Aliyeiandika komponenti hakuwa na jibu, kwa hiyo aliweka sharti ndani ya sharti jingine akaendelea na safari. Skrini mpya inapohitaji tofauti ndogo, mtu huongeza kigezo cha kumi na tano kwa kuwa ni kazi ya dakika tano, na badiliko hilo hupita ndani ya msimbo ule ule unaozihudumia skrini nyingine ambazo hazikuliomba. Faili hunenepa, watu huanza kuliogopa, na mwishowe mmoja wao hunakili yote na kuyaita OrodhaMpya. Komponenti iliyokusudiwa kutumika kila mahali sasa ina pacha, na hitilafu hurekebishwa kwa mmoja na kusahauliwa kwa mwingine.

Chanzo cha yote haya ni kuchanganya kazi ya orodha na kazi ya mstari. Orodha hupita kwenye data, hukipa kila kipengee ufunguo wake (alama ya kukitofautisha na vingine), hupanga mistari kwenye ukurasa, na pengine hushughulikia mishale ya kibodi. Mstari unavyoonekana si shauri lake hata kidogo. Hilo ni shauri la skrini inayoiita orodha. Fremuweki zote kubwa, yaani zana za kujengea programu za wavuti, zimetoa njia ya kuzitenganisha kazi hizi mbili. Katika React unaipa orodha fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi moja) inayorudisha mstari. Vue ina sloti, nafasi zinazojazwa na skrini, zinazopokea data ya kipengee, ambazo tangu toleo la 2.6 la mwaka 2019 huandikwa kwa v-slot. Angular ina kiolezo kiitwacho ng-template, na Svelte tangu toleo la 5 la mwaka 2024 ina vipande vinavyotangazwa kwa #snippet. Sura zao hazifanani, lakini mazungumzo ni yale yale: orodha inauliza ichore nini hapa, na skrini inajibu.

Chukua skrini mbili, moja ya ankara na nyingine ya ujumbe. Kwa mpangilio huu komponenti ya orodha inahitaji vigezo vinne tu, yaani data, fanksheni ya kutoa ufunguo, fanksheni ya kuchora mstari, na cha kuonyesha pasipokuwa na kitu. Skrini ya ankara itachora namba, kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipa. Skrini ya ujumbe itachora picha ya mtumaji na maneno machache ya mwanzo. Nalo faili la orodha halitakuwa na habari kama duniani kuna ankara au ujumbe. Ndiyo sababu nina kipimo kimoja ambacho wenzangu wamekichoka: fungua faili la orodha na utafute ndani yake neno lolote linalohusu biashara ya programu. Ukikuta bei, ankara au mgonjwa, hiyo ni komponenti ya skrini moja iliyovishwa joho la zote. Ukikuta inaiita seva yenyewe kuleta data, tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu hata kuijaribu bila mtandao huwezi.

Pingamizi ninalolipata ni kwamba msimbo wa mistari utarudiwa. Hautarudiwa. Ikiwa skrini nne zinachora ankara kwa namna moja, tengeneza MstariWaAnkara na uzipe zote nne. Komponenti mbili ndogo ni rahisi kusoma kuliko moja inayojaribu kuwa zote mbili. Wala usikimbilie kutengeneza ya pamoja siku ya kwanza. Andika orodha tatu za kawaida kwa mkono, kisha uziweke kando kwa kando. Kabla ya hapo huoni zinapofanana, unakisia.

Dhana ya pili ni kwamba namba ya nafasi ya mstari katika orodha inatosha kuwa ufunguo, kwa kuwa onyo ambalo React hutoa mistari isipokuwa na ufunguo hutoweka ukiiweka. Onyo hutoweka, ugonjwa unabaki, maana namba ya nafasi ndiyo React hutumia yenyewe usipotoa ufunguo wowote. Tuseme kuna mistari mitatu, kila mmoja una kisanduku cha maandishi kinachotunza maneno yake chenyewe, na mtumiaji ameandika katika kisanduku cha mstari wa pili. Akiufuta mstari wa kwanza, uliokuwa wa tatu sasa ndio wa pili, na maneno ya jirani yake yanaonekana ndani yake. Angular, tangu toleo la 17 la mwaka 2023, haikubali @for (amri ya kurudia mistari) isiyo na track (sehemu inayotaja ufunguo), jambo jema, ila watu huandika track $index, yaani namba ya nafasi ile ile, na kujiona wametii sheria. Wengine hutengeneza ufunguo kwa Math.random(), inayotoa namba ya bahati nasibu, wakati wa kuchora, hivyo mistari yote hubomolewa na kujengwa upya kila mara, na anayeandika ndani yake hupoteza mahali alipo kila skrini inapochorwa. Ufunguo utoke kwenye kitambulisho kilichomo katika data, na komponenti yako ikatae kufanya kazi bila kupewa fanksheni ya kuutoa.

Wapo pia wanaoamini kwamba kila orodha lazima ichore mistari inayoonekana tu na kuiacha mingine nje ya DOM, yaani muundo wa ukurasa ulioko ndani ya kivinjari. Kwa mistari 10,000 nakubali. Kwa mistari 80 unajinunulia matatizo: utafutaji wa kivinjari hauioni mistari ambayo haijachorwa, programu za kusoma skrini hutaja idadi isiyo sahihi usipoweka aria-setsize na aria-posinset (sifa zinazotaja jumla ya mistari na nafasi ya kila mmoja), na mistari yenye urefu tofauti huruka ukurasa unaposogezwa. Jaribu kwanza content-visibility: auto ya CSS (lugha ya mwonekano wa kurasa), ambayo huahirisha kazi ya kuchora huku maandishi yakiendelea kutafutika.

Kuhusu ul na li, alama za HTML za orodha na vipengee vyake, ambazo wengi huziona sawa tu na div, alama ya kisanduku kisicho na maana maalumu: si sawa, kwa sababu ndizo zinazomwambia asiyeona kwamba yuko ndani ya orodha yenye vipengee kadhaa. Jihadhari na list-style: none, inayoondoa vitone vya orodha, ambayo katika Safari huweza kuifanya VoiceOver, programu ya Apple ya kusoma skrini, iache kuitambua orodha; role="list" huirudisha.

Limebaki la orodha tupu, ambalo hudhaniwa kuwa hali moja. Data haijafika, data imefika na hakuna kitu, kichujio kimeondoa vyote, na ombi limeshindikana, hizo ni hali nne, na mtumiaji anatakiwa kufanya jambo tofauti katika kila moja. Komponenti inayoanza na data tupu huonyesha "Hakuna ujumbe" kwa muda mfupi kabla ujumbe wenyewe haujajitokeza, na aliyeusoma upesi ameshafunga ukurasa. Skrini ndiyo inayojua ni hali ipi kati ya hizo, kwa hiyo isiiite orodha kabla data haijafika.