Ala za kienyeji za India: dhana potofu kuhusu makundi manne

"Makundi manne ya ala yalibuniwa Ulaya." Hapana. *Natyashastra*, kitabu cha Kisanskriti cha takriban miaka 2,000 iliyopita, kinataja tata (nyuzi), sushira (upepo), avanaddha (ngozi iliyowambwa) na ghana (kitu kigumu kinacholia chenyewe). Mahillon, mtunza makumbusho ya ala mjini Brussels, aliufuata mpango huo katika karne ya 19, na Hornbostel na Sachs, wataalamu wawili wa ala, wakaujenga upya mwaka 1914.

"Penye ngozi pana ngoma." Ravanhatta ya Rajasthan ina kifuu cha nazi kilichowambwa ngozi, lakini ni ya kundi la tata: upinde husugua uzi, ngozi hukuza sauti tu. Swali ni moja, nini kinaanza kutetema? Mtungi unaonyesha vizuri. Ghatam haina ngozi, udongo wenyewe unalia, kwa hiyo ni ghana. Ghumot ya Goa nayo ni mtungi, ila mdomo wake mmoja umewambwa ngozi, basi ni avanaddha. Zamani ilikuwa ya kenge. Sheria ya wanyamapori ya 1972 ilipombana mwindaji, mafundi wakahamia ngozi ya mbuzi.

"Ikipigwa mdomoni ni ya upepo." Morchang ni ghana. Fremu ya chuma hushikizwa menoni, kidole kinadonoa ulimi wa katikati, na kinywa hubadili rangi ya sauti. Meno yasipoachana kidogo, ulimi huyagonga na sauti hukatika.

"Ala za vitufe zina kundi lao." Kinanda cha upepo wa mifuo, harmonium, ni sushira. Bulbul tarang, ndugu wa taishokoto ya taarab ya Mombasa, ni tata: kitufe hubana uzi tu.

"Kila ala ina kundi moja lisilo na ubishi." Gopijantra ya Wabaul, waimbaji wa kidini wa Bengal, hukataa. Uzi mmoja unatoka katikati ya ngozi ya chini, unapita ndani ya mzinga hadi kwenye kigingi juu, katikati ya vipande viwili vya mwanzi. Ukivibana, uzi hulegea na sauti hushuka. Hornbostel na Sachs waliiita ngoma ya kudonolewa. Sisi tunaiweka tata, maana kinachodonolewa ni uzi, na mkazo wa uzi ndio unaopanga sauti.