Dalali, huyo mteja unamjua?

Julai 28, 1986, dalali wa nyumba aitwaye Suzy Lamplugh, mwenye umri wa miaka 25, alitoka ofisini kwake Fulham, London, kwenda kumwonyesha mteja nyumba. Kwenye shajara alikuwa ameandika saa saba kasorobo mchana, anwani ya nyumba, na jina la mteja: Bw. Kipper. Usiku ule gari lake lilikutwa limeegeshwa mtaa mwingine. Yeye hajaonekana mpaka leo, na Bw. Kipper hajulikani alikuwa nani.

Ninapowafundisha madalali naanza na kisa hicho kwa sababu Suzy aliandika, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Ila jina alilopewa halikuwa na mtu nyuma yake.

Dalali wa Dar es Salaam ofisi yake ni simu. Mtu anapiga: "Natafuta chumba, sebule na choo ndani, maeneo ya Goba, nina haraka." Dalali anaiona kodi ya mwezi mmoja, ndiyo malipo yake. Anaogopa mwenzake wa kijiweni asimnyang'anye mteja, basi anaondoka kimyakimya. Mimi naona usiri huo ni hatari kuliko mteja mwenyewe, maana ukipatwa na jambo, hakuna hata mmoja anayejua pa kuanzia kukutafuta.

Kama humwamini dalali mwenzako, mwachie taarifa mtu asiyefanya biashara hiyo: mke, mume, dada, mwenye duka unaponunua vocha. Mpe namba ya mteja, mahali unapokwenda na saa ya kurudi. Mtumie mahali ulipo kwa WhatsApp, ile inayokufuata unavyotembea. Kubalianeni na neno la siri pia. Ukimpigia na kusema "niletee ule ufunguo mwekundu", ajue mambo yameharibika na apige 112, namba ya dharura ya polisi.

Kumjua mteja kuna njia rahisi ambayo tayari unaitumia bila kuiwazia. Ile hela ya kuzungushwa, anayolipa mteja ili aonyeshwe nyumba, iombe kwa simu kabla hamjaonana. Ujumbe wa malipo utakuja na jina lililosajiliwa. Amejitambulisha kama Juma na ujumbe unasema Neema? Muulize. Laini huweza kuwa ya ndugu, kwa hiyo usiishie hapo: kutaneni ofisi ya serikali ya mtaa au kwa wakala wa fedha penye watu, umwombe kitambulisho cha NIDA, ukipige picha mbele yake na uitume kwa yule uliyemwachia taarifa. Usipande gari lake. Chukua bodaboda unayemfahamu, umlipe akusubiri nje.

Mkifika, mteja atangulie kuingia, wewe baki upande wa mlango. Chooni na stoo aangalie mwenyewe. Ukubwa wa vyumba unaweza kumtajia ukiwa sebuleni. Halafu kuna kufuli. Wengi hulifungua wakaliacha likining'inia kwenye komeo, na mtu aliye nje akitaka kukufungia ndani ni kazi ya sekunde moja. Liweke mfukoni pamoja na ufunguo.

Mapagala na viwanja vya mbali, kama kule ndani ya Chanika au Kigamboni, nendeni wawili. Dar jua linazama mapema kuliko tunavyodhani, kwa hiyo safari ya mwisho ianze saa tisa. Dada zetu wanasumbuliwa zaidi na mteja wa "nimetoka kazini sasa hivi, nionyeshe usiku huu huu." Chumba kinachokaguliwa kwa tochi hakikaguliki, mwambie kesho asubuhi.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: kodi ya miezi sita isipite mkononi mwako. Mpangaji aiweke benki kwa mwenye nyumba. Mtaa ukishajua kwamba unatembea na milioni, mteja hana haja ya kuwa mbaya. Wabaya watakufuata wengine.

Na yupo atakayeng'aka ukimwomba kitambulisho: "Kwani mimi mwizi?" Mjibu kwa upole kwamba mwenye nyumba naye atakitaka wakati wa kuandikishana mkataba. Akikataa katakata, mwache aende. Kabla hujalala, namba yake iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa maana huenda kesho akampigia dalali mwenzako.