Pentekoste: siku ya hamsini inahesabiwaje?

Pentekoste ni neno la Kigiriki, maana yake "ya hamsini", yaani siku ya hamsini. Wayahudi waliosema Kigiriki walilitumia kabla ya Ukristo kuitaja Sikukuu ya Majuma. Limo katika kitabu cha Tobiti (2:1). Luka anapoandika kwamba siku ya Pentekoste ilitimia, anataja sikukuu ambayo tayari ilikuwa imeujaza mji wa Yerusalemu wageni.

Mzizi wake ni Walawi 23. Kuhani anatikisa mganda wa kwanza wa mavuno, kisha watu wanahesabu majuma saba kamili, na kesho yake, siku ya hamsini, wanaleta mikate miwili ya unga mpya. Mikate hiyo hutiwa chachu, ilhali ile ya Pasaka haitiwi. Hesabu ianze lini? Torati inasema "siku ya pili baada ya Sabato", yaani kesho yake, na hapo ndipo walipogawanyika: kati ya makundi ya Wayahudi, Mafarisayo walisema Sabato hiyo ni sikukuu ya Pasaka yenyewe, Masadukayo wakasema ni Jumamosi ya kawaida. Kwa Masadukayo, basi, siku ya hamsini iliangukia Jumapili daima.

Wakristo nao huhesabu Jumapili hadi Jumapili, na hapa wengi hukosea: wanaanza Jumatatu, hesabu inawaangusha siku moja mbele. Jumapili ya Pasaka yenyewe ndiyo siku ya kwanza. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa Aprili 20. Siku ya 40, Kupaa kwa Bwana, ikawa Alhamisi Mei 29, na ya 50 Jumapili Juni 8. Ukipata Jumatatu, rudia hesabu.

Jambo linalosahaulika, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba zamani neno hili lilibeba siku zote hamsini. Kanuni ya 20 ya Mtaguso wa Nikea (mkutano mkuu wa maaskofu, 325) inaagiza watu wasali wamesimama, bila kupiga magoti, siku za Jumapili na "siku za Pentekoste", yaani siku nyingi, si moja. Kipindi kizima kilikuwa sherehe moja.

Marekebisho ya kalenda ya Kanisa Katoliki ya 1969 yaliurudisha mtazamo huo. Ndiyo maana tunasema Dominika ya Pili ya Pasaka, wala si ya kwanza baada ya Pasaka. Mshumaa wa Pasaka nao hubaki karibu na altare au mimbari hadi mwisho wa Pentekoste. Kuuzima siku ya Kupaa, mara baada ya Injili, ni utaratibu wa kalenda ya zamani.