Saa ya mkononi haipimwi kwa gramu: dhana potofu kuhusu saa za bei mbaya zilizokwisha valiwa

Jirani yangu hapa Sokomatola, Mbeya, alifiwa na baba yake. Katika sanduku la marehemu walikuta saa ya Uswisi, ya kujaza kwa mkono, kioo kimekwaruzika, mkanda wa ngozi umeoza. Vijana wakaipeleka kwa sonara. Sonara akaigeuza, akaikwaruza kidogo mgongoni, akasema: hiki ni chuma tu. Ikarudi nyumbani, akapewa mtoto wa miaka minne achezee.

Niliumia, na siwalaumu. Sisi tumekulia karibu na machimbo ya dhahabu ya Chunya, na huku kitu cha thamani huwekwa kwenye mizani. Lakini kwa saa mizani hiyo inadanganya, na kwa kuwa wazee wengi wa Nyanda za Juu Kusini walirudi na saa nzuri kutoka migodi ya Afrika Kusini na ya Zambia, nataka tuyaseme haya kabla masanduku mengine hayajafunguliwa.

Dhana: saa ni ghali kwa sababu ya dhahabu iliyomo

Saa ya dhahabu ya kiwanda kikubwa cha Uswisi kwa kawaida ni ya karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu na robo iliyobaki ni madini mengine. Ukiiyeyusha utalipwa gramu hizo, basi. Anayenunua saa kama saa halipi kwa hesabu hiyo.

Novemba 2019, mjini Geneva, saa ya Patek Philippe iitwayo Grandmaster Chime iliuzwa kwenye mnada wa hisani kwa faranga za Uswisi milioni 31. Kasha lake lilikuwa la chuma kisichoshika kutu. Kampuni hiyo ilikuwa imeshatengeneza saa zenye mashine ya aina hiyo kwa dhahabu. Ya chuma ilitengenezwa moja peke yake, kwa ajili ya mnada ule. Chuma ndicho kilichokuwa adimu.

Wala si kisa cha siku moja. Mwaka 1972 Audemars Piguet walitoa Royal Oak, saa ya chuma iliyobuniwa na Gérald Genta, wakaiuza kwa bei iliyozidi saa nyingi za dhahabu za wakati ule. Watu walishangaa. Mwaka 1976 Patek Philippe nao wakatoa Nautilus, ya chuma pia, kwa mkono wa mbunifu huyohuyo. Leo hizo mbili ni kati ya saa zinazotafutwa zaidi duniani.

Dhana: saa yoyote ya Uswisi, ukiiweka tu, inapanda bei

Hii ndiyo imewaumiza watu wengi zaidi, hasa wale wanaoambiwa na dalali kwamba saa ni kama kiwanja cha Uyole. Si kweli. Saa nyingi za kifahari hupungua bei siku ileile zinapotoka dukani, kama gari jipya. Zinazoshika bei au kuipita ile ya dukani ni chache: baadhi ya Rolex, baadhi ya Patek Philippe, baadhi ya Audemars Piguet, na nyingine za hapa na pale. Hata ndani ya kampuni moja, toleo moja hukimbiliwa na jingine hukaa kabatini.

Sababu yake mtu wa Mbeya anaijua, ila hajaifikiria kwenye saa. Kumbuka sukari inavyoadimika: bei elekezi ipo, imetangazwa, lakini ukienda dukani sukari haipo, na aliyenayo anauza anavyotaka. Kwa Rolex ya Daytona ya chuma mambo huenda hivyohivyo. Kiwanda kinapanga bei ya dukani, lakini wanaoitaka ni wengi kuliko zinazotolewa, kwa hiyo mteja anaandikwa jina na kusubiri, pengine miaka. Asiyetaka kusubiri anakwenda kwa mwenye iliyokwisha valiwa na kulipa zaidi. Ndipo mtumba unapozidi kipya bei.

Ukiielewa sababu hiyo utaelewa pia kwa nini bei inaweza kurudi chini. Mwaka 2021 Patek Philippe walisimamisha utengenezaji wa Nautilus namba 5711, na bei ya zilizoko mikononi mwa watu ikaruka. Desemba mwaka huohuo, moja yenye uso wa buluu ya duka la Tiffany iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 6. Bei za saa za aina hii zikaendelea kupaa hadi mapema 2022, kisha zikaanza kuteremka, na aliyenunua pale kileleni kwa pesa ya mkopo aliona hasara. Mimi simshauri mtu yeyote kuuza shamba la parachichi anunue saa. Parachichi huzaa kila msimu. Saa haizai, inategemea tu mtu mwingine aje kuitaka kuliko ulivyoitaka wewe.

Dhana: saa ikipigwa polishi na kupakwa uso mpya, inapata bei nzuri

Hapa nina kidonda changu mwenyewe.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Rungwe, alikuwa mmoja wa wale walioandikishwa na Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodini, kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Alirudi na Omega ya chuma. Uso wake ulikuwa mweupe zamani, ukageuka rangi ya chai ya maziwa, na kwenye ukingo palikuwa na madoa madogo ya unyevu. Alipofariki nikaitaka iwe mpya kwa heshima yake. Nikaipeleka kwa fundi, sitamtaja na wala sikumwambia nilichokuwa sikijui, nikamwomba aing'arishe. Akafanya kazi kwa bidii: akausugua ule uso hadi chini, akaupaka rangi upya, akachora namba na jina la kampuni, akalisaga kasha hadi ukijitazama unajiona. Nilimshukuru sana. Baba mdogo alipoiona alinyamaza, halafu akauliza, “Mwanangu, ya babu iko wapi?”

Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipojifunza nilichofanya. Mkusanyaji wa saa za zamani anatafuta kitu kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani. Kingo za kasha zikiwa bado kali, anajua chuma hakijasagwa. Zikishakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, chuma kile hakirudi tena. Uso wa kwanza, hata ukiwa umebadilika rangi, ni ushahidi. Kuna saa ambazo uso mweusi umegeuka kahawia kwa jua la miaka mingi, na wakusanyaji wanazilipia zaidi kuliko zilizobaki nyeusi. Uso uliopakwa upya unashusha bei, mara nyingi kwa sehemu kubwa sana. Hali kadhalika almasi zilizobandikwa na sonara wa mtaani: kiwanda hakikuziweka, mnunuzi hazitaki.

Kuitunza ni jambo jingine, nalo ni la lazima. Mashine ya saa inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka kadhaa, la sivyo vyuma vinasagana. Na kwa wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua hainyamazi: raba inayozuia maji kwenye saa inazeeka, hata kama mgongoni imeandikwa haiingii maji. Ukiona ukungu ndani ya kioo, ipeleke siku hiyohiyo. Mwambie fundi maneno mawili tu: fanya mashine, usiguse uso wala kasha.

Dhana: mshale wa sekunde ukiteleza bila kugonga, ni orijino

Nimeisikia sokoni Mwanjelwa mara nyingi, ikisemwa kwa uhakika kabisa. Mashine nyingi za kisasa za Rolex hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara 8 kwa sekunde, ndiyo maana mshale unaonekana kuteleza. Lakini saa yoyote ya otomatiki, ile inayojijaza kwa mwendo wa mkono, hufanya karibu hivyo, pamoja na feki ya bei rahisi. Upande wa pili, Rolex wenyewe waliwahi kuuza saa ya betri, Oysterquartz, kuanzia miaka ya 1970, na mshale wake unagonga mara moja kwa sekunde. Feki nzuri haitambuliwi kwa jicho la mpita njia. Lazima mfuniko ufunguliwe na mtu anayezijua mashine.

Dhana: iliyozeeka zaidi ndiyo ghali zaidi

Saa za mfukoni za karne ya 19 zimejaa duniani na nyingi ni za bei ya kawaida, kwa sababu hakuna anayezivaa. Umri peke yake haulipwi.

Dhana: bila karatasi na boksi, saa haina kitu

Karatasi za dukani na boksi huongeza bei, hilo ni kweli. Zinafanya kazi ileile ya kujua mchele umetoka Kyela kweli: wote tunajua unavyochanganywa na mwingine na kuuzwa kwa jina hilo, kwa hiyo anayeweza kuonyesha shamba lake anauza kwa raha. Lakini karatasi si njia pekee. Patek Philippe, kwa mfano, wana kumbukumbu za saa walizotengeneza tangu 1839, na mwenye saa anaweza kuomba maelezo ya lini ilitengenezwa na lini iliuzwa.

Na kuna historia ya aliyeivaa. Mwigizaji wa Marekani Paul Newman alinunuliwa Daytona na mkewe, Joanne Woodward, aliyeichongesha mgongoni maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, maana mumewe alipenda mashindano ya magari. Uso wa saa ile ulikuwa wa aina ambayo haikupendwa madukani. Baadaye Newman aliitoa kwa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Oktoba 2017 iliuzwa New York kwa dola milioni 17.75. Yale maneno ya mgongoni na picha za Newman akiwa ameivaa ndivyo vilivyoondoa shaka yoyote kwamba ni yenyewe.

Kwa hiyo jirani yangu nilimwambia aichukue saa kwa mtoto, aifunge kwenye kitambaa kikavu, na atafute picha zote za baba yake zinazoonyesha mkono wa kushoto. Ya babu yangu nayo niliifungua tena, safari hii kwa fundi mwingine. Ndani ya mfuniko wa nyuma kuna mikwaruzo midogo mitatu ya sindano, alama ambazo mafundi wa zamani huacha kila wanapoihudumia. Mkono wa yule aliyeupaka uso haukufika pale. Nimeipiga picha, nimeiweka pamoja na picha ya babu aliyopigwa mwaka aliorudi, mkono juu ya goti, saa inaonekana.