Gumbo ya boksi ni nini hasa, na kazi gani inabaki kwako

Kama uko Marekani au una ndugu kule ushaiona ile boksi, inakaa supamaketi kwenye shelfu ya mchele na viungo, imeandikwa Gumbo Mix na mbele ina picha ya bakuli limejaa kamba, soseji na vipande vya kuku. Ukifungua kamba hamna, kuku hamna, unakuta unga wa kahawia wenye harufu ya vitunguu na labda punje za mchele basi. Sasa mtu anachemsha ule unga na maji, anakuta uji wa chumvi, anasema gumbo mbaya. Gumbo hajaila bado, amekula kiungo chake tu.

Gumbo yenyewe ni chakula cha Louisiana, jimbo la kusini kule ambako mji wa New Orleans upo, na wanaipenda kiasi kwamba mwaka 2004 jimbo liliitambua kisheria kama chakula chake rasmi. Ni mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, ndani kuna kuku na soseji ya kuvuta moshi, au kamba na kaa, au vyote kwa pamoja, unaliwa na wali mweupe. Watu wanaichanganya sana na jambalaya. Jambalaya mchele unaivia humohumo na nyama, yani iko upande wa pilau, wakati gumbo wali unapikwa pembeni halafu mchuzi unamwagwa juu.

Kinachofanya gumbo iwe gumbo ni uzito wa ule mchuzi, na uzito unatoka sehemu tatu. Kuna bamia, ambazo zilifika Amerika na Waafrika waliopelekwa utumwani. Kuna filei, unga wa majani makavu ya mti wa sasafrasi, huo walikuwa nao Wachoctaw, wenyeji wa pale kabla Mzungu hajafika. Na kuna ruu, unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, hiyo ni ya Wafaransa. Wapo wanaotumia moja tu wapo wanaochanganya mbili, na ukitaka ugomvi Louisiana waulize kama nyanya zinaingia kwenye gumbo au haziingii, maana Wakrioli wa New Orleans, watu wa mjini wenye asili ya mchanganyiko, baadhi yao wanaweka na Wakajuni wa vijijini, wazao wa Wafaransa waliotoka Kanada, hawataki hata kusikia.

Ruu ndo sababu hizi boksi zipo. Ruu ya gumbo sio ile ya kukaanga unga dakika mbili ukaweka maziwa. Unachukua unga na mafuta kiasi sawa, moto mdogo, unakoroga bila kuondoka nusu saa mpaka saa nzima, unga unatoka mweupe unakuwa rangi ya siagi ya karanga, unaendelea, unakuwa kama chokoleti. Simu ikiita usipokee. Ukiona vidoa vyeusi imeungua, unamwaga unaanza upya, hakuna namna ya kuiokoa, na ikikurukia mkononi utalia kwasababu inanata na ina moto kuliko maji yanayochemka, wapishi wa kule wanaitania kwa jina la napalm ya Wakajuni, napalm ikiwa ile silaha ya vita ya moto unaonata. Alafu kitu ambacho wengi hawakitegemei, ruu ikizidi kuwa nyeusi inazidisha ladha lakini nguvu ya kufanya mchuzi uwe mzito inapungua, kwasababu ule wanga umeshavunjwavunjwa na moto.

Kwaiyo kampuni zinakupunguzia hiyo saa. Zatarain's, ambayo ilianzia New Orleans mwaka 1889, ni moja ya majina utakayokutana nayo, na Tony Chachere's pia wanayo ya kwao. Kwenye boksi unapata unga uliotiwa rangi, vitunguu na mboga zilizokaushwa, viungo, pilipili kidogo, na chumvi ya kutosha. Angalia unanunua ipi maana ziko aina mbili: ipo yenye mchele ndani, unapika sufuria moja, na ipo isiyo na mchele wanaita base, hiyo wali unapika mwenyewe. Mimi nachagua hiyo ya pili, ile ya kwanza mchele unalainika sana na unafyonza mchuzi wote.

Kazi iliyobaki ni yako. Anza na kitunguu, pilipili hoho na seleri, kule wanaziita utatu mtakatifu, zikaange kwenye mafuta kidogo pamoja na soseji mpaka sufuria ishike rangi chini, hapo ndo ladha inapoanza. Ule unga wa boksi koroga kwanza kwenye maji baridi, ukiumwaga moja kwa moja kwenye maji ya moto unashika madonge na hayatoki. Badala ya maji matupu tumia supu ya mifupa ya kuku au ya maganda na vichwa vya kamba, tofauti yake kubwa kuliko kubadilisha kampuni ya boksi. Kuku anaingia mapema achemke alainike, kamba dakika tano za mwisho tu, zaidi ya hapo wanakuwa mpira. Bamia kaanga pembeni kwanza kama hupendi ule utelezi wake. Filei usiichemshe kabisa, itavutika vibaya, zima jiko ndo uinyunyize. Na chumvi usiguse mpaka uonje mwisho, kwasababu boksi ina chumvi na soseji nayo ina chumvi.

Soseji ya asili, anduyi, ni ya nguruwe. Kwa wasiokula, zipo za ng'ombe au bata mzinga za kuvuta moshi na gumbo haipungukiwi kitu cha maana, muhimu iwe imevutwa moshi kweli maana soseji ya kawaida inaacha pengo kwenye ladha. Soma na maandishi ya nyuma ya boksi, viungo vinatofautiana kampuni hadi kampuni.

Ikibaki weka kwenye friji, kesho yake inakuwa nzuri zaidi, ila wali uhifadhi mbali na mchuzi. Ukipasha na kuikuta imeganda sana ongeza supu au maji kidogo, koroga moto mdogo, isichemke kwa nguvu kama ina kamba ndani.