Mrejesho wa picha ya ua: maana yake kwa anayeanza

Mrejesho wa picha ni maelezo ya kile mtazamaji anachokiona kwenye picha yako, yaliyo wazi kiasi cha kukuwezesha kubadili kitu utakapopiga tena. Kwa kipimo hicho, "picha kali sana, dada" haimo, hata ikisemwa kwa moyo mweupe. Ni sifa, na sifa ni tamu, lakini ukirudi kesho chini ya jakaranda za Moshi haitakuambia usogee wapi. "Mbaya" nayo haimo. Anayesema "jicho langu limeenda kwenye waya wa umeme kabla ya kufika kwenye maua" ndiye aliyekupa mrejesho. Ametaja kitu, ametaja kilipo, kisha amekuachia kazi ya kuamua kama utahama hatua mbili au utapiga kutoka chini zaidi.

Kwetu kikwazo kikubwa ni adabu. Mtu akionyeshwa kazi ya mwenzake anaona kukosoa ni kumvunja moyo. Ukimtumia mama mdogo picha ya waridi na kumuuliza "unaionaje?", atajibu "hongera mwanangu", na hana kosa, kwa sababu swali lako lilikuwa linaomba hongera. Muulize badala yake: jicho lako limetua wapi kwanza? Kuna kitu ungekiondoa? Maswali hayo yanajibika hata na mtoto wa darasa la tatu, na jibu lake ni la kuaminika kwa vile hana nadharia ya kukufurahisha nayo.

Chukua maua ya kahawa, maana ndiyo yanayowatesa wengi wanaoanzia Kibosho, Machame au Marangu, miteremkoni mwa Kilimanjaro. Mvua ikinyesha baada ya ukame, vichipukizi vya mkahawa vinafunguka yapata wiki moja baadaye. Tawi zima linakuwa jeupe, linanukia kama asumini, na siku mbili tatu tu baadaye maua yameshaanza kunyauka. Anayeanza anakimbilia kihambani, yaani shambani kwa nyumbani, na simu saa sita mchana, anarudi na madonge meupe juu ya majani meusi. Akiambiwa "haijatoka vizuri", amebaki palepale. Mrejesho wa kweli utamwonyesha kwamba kwenye petali hakuna mstari wala kivuli, ni weupe mtupu. Hapo sababu inaanza kuonekana: majani ya mkahawa yana kijani kizito na yamejaa kwenye fremu, kamera ikadhani mahali pana giza, ikaongeza mwangaza, na ua likaungua. Dawa yake ni kugusa ua kwenye kioo cha simu kisha kushusha mwangaza. Kwenye kamera, shusha fidia ya mwangaza (kile kitufe au menyu yenye alama ya +/-) hadi -1 na ujaribu tena. Au rudi asubuhi, au siku ya mawingu, ambazo mitaa ya mlimani haikosi.

Mtazamaji mwingine ataiona picha hiyohiyo na kusema ua la mbele linaonekana kali, bila ukungu, lakini yanayolifuata yote yana ukungu. Naye amesema kweli. Ukisogeza lenzi karibu sana na kitu kidogo, eneo linaloonekana kali linabaki la milimita chache tu. Mwenye kamera atabana tundu la lenzi, tuseme kutoka f/2.8 kwenda f/8 (namba ikikua, tundu linapungua), kisha aombe upepo utulie, kwa sababu mwanga unaoingia ni mdogo na shata, yaani pazia la kamera, itabaki wazi muda mrefu zaidi. Mwenye simu, ambayo kwa kawaida tundu lake halibadiliki, arudi nyuma kidogo kisha aikate picha baadaye.

Nani wa kumwuliza? Wapiga picha wa harusi wa Arusha ni mafundi, ila wengi watakwambia ufiche kila kitu cha nyuma kwa ukungu, kwa kuwa ndivyo wanavyomtenga bibi harusi na umati. Wakati mwingine ua linahitaji majani yake yaonekane. Mimi ningeanza na muuza miche wa kando ya barabara, au mtu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya waridi ya Usa River. Atakwambia jambo ambalo mpiga picha hatakwambia: ua ulilopiga limeshazeeka, tazama kingo zake, ungekuja juzi. Atakuonyesha pia kwamba kwenye bogenvilia yale mekundu uliyoyafokasi ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kile kitu kidogo cheupe, chembamba, katikati. Ukishajua hilo, unajua pa kuweka fokasi.

Namna ya kuituma picha nayo inaharibu mrejesho. WhatsApp hubana picha za kawaida ili ziende haraka, kwa hiyo mtu akilalamika kwamba petali hazina ukali huenda analalamikia mbano. Itume kama faili, na useme ulipiga saa ngapi, kwa simu au kamera, na ulitaka nini kionekane. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Kama ulikusudia kuonyesha nyuki, hakuna sababu ya watu kubishana kuhusu stameni, vile vijiti vya chavua katikati ya ua.

Utapata maoni yanayogongana: huyu anasema sogea karibu, yule anasema rudi nyuma. Usiyapigie kura. Angalia wanakubaliana wapi. Hapo wote wawili wameona kwamba ua halina nafasi yake kwenye picha. Mmoja angelikuza, mwingine angelipa hewa kulizunguka. Watazamaji ni hodari wa kuhisi kasoro ilipo kuliko kutaja tiba yake, basi chukua kasoro na utafute tiba mwenyewe ukiwa mbele ya mti. Na mtu akikwambia tu kwamba yeye angependelea ua la njano, mshukuru uendelee na kazi. Hayo ni mapenzi yake.

Kisha ipige tena picha ileile, ua lilelile kama bado lipo, ukibadilisha kitu kimoja tu. Ukishusha mwangaza, ukahama na ukakata picha kwa mkupuo, hutajua lipi limesaidia. Zipeleke zote mbili kwa yuleyule aliyekukosoa, bila kumwambia ipi ni mpya.