Hiyo Kelele Si Mota

Juzi mama mmoja wa Nsambya, hapa Kampala, alinipigia simu. "Fundi, mota imekufa. Nimeambiwa spea zake haziko Uganda, ninunue mashine nyingine ya kufulia." Nikamuuliza mashine yenyewe inafanyaje. Ikifua iko sawa, akasema, ila ikianza kukamua inanguruma kama lori linalopanda mlima. Mwezi huu huyo ni mtu wa tano kuniletea hukumu hiyo hiyo, na watu wanaendelea kutupa mashine nzima.

Mota iliyokufa haingurumi. Kinachonguruma mara nyingi ni beringi za nyuma ya ngoma, zile pete za chuma zenye gololi zinazobeba shafti yake. Kabla hujampa mtu shilingi yako, chomoa waya kwenye soketi, fungua mlango, shika ukingo wa juu wa ngoma uunyanyue. Ngoma ikicheza peke yake huku tanki la nje limetulia, beringi zimekwisha. Kama bado una shaka, fungua mfuniko wa nyuma, vua mkanda, zungusha ngoma kwa mkono, kisha zungusha puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda. Masikio yako yatakwambia ni nani anapiga kelele. Kwa zile ambazo mota imekaa moja kwa moja kwenye ngoma, hakuna mkanda wa kuvua. Jaribio la kwanza linatosha.

Sasa hili la spea. Beringi haijui kama iko ndani ya mashine ya kufulia au ya kusaga mahindi. Inajua namba yake. Ukiona 6205, chukua 05, zidisha mara 5: tundu ni milimita 25. Nje ni 52, unene 15. Lakini 6305 nayo tundu lake ni 25, ila nje ni 62, kwa hiyo usibebe nusu ya namba kichwani. Nilimtuma kijana wangu soko la Kisekka, akarudi mikono mitupu: "Wanasema hawana beringi za mashine ya kufulia." Kweli, hawana, kule ni spea za magari. Nikamwandikia kwenye karatasi 6205 na 6206, zenye raba pande zote mbili, zile za 2RS. Akarudi nazo kutoka safu ile ile ya vibanda, na ni wale wale waliomwambia hawana.

Kinachosumbua kweli ni sili, na hapa ndipo mafundi wengi wanapolipua kazi. Sili ndiyo inayozuia maji yasiingie kwenye beringi. Mara nyingi beringi haifi yenyewe tu: sili huchoka kwanza, maji yakapenya, grisi ikaoshwa, kutu ikaingia. Ukibadilisha beringi ukaacha sili ya zamani, umemuuzia mteja miezi michache. Tena vipimo vya sili nyingi za mashine hizi ni vya ajabu, kwa mfano 25 ndani na 50.55 nje. Ya gari yenye 50 au 52 haikai, hata uipige nyundo vipi. Kwa sili, na kwa sili tu, ndipo unapohitaji namba kamili ya mashine, ile ya kwenye kibandiko cha mlangoni au mgongoni, si jina kubwa lililoandikwa mbele. Piga picha kibandiko, na sili ya zamani ibebe mfukoni.

Na hata sili mpya inaweza kuvuja. Ya yule mama nilipoifungua, chini ya puli palikuwa na michirizi ya kahawia, na bushi, ile pete ya shaba iliyovalishwa kwenye shafti, pale mdomo wa sili unaposugua, ilikuwa na mfereji. Nilipitisha ukucha ukanasa. Sili mpya juu ya mfereji kama huo ni kazi bure. Nilipeleka shafti Katwe kwa mkereza vyuma, akachonga bushi nyingine, nikaing'arisha kwa msasa laini kabisa, nikapaka mdomo wa sili grisi isiyooshwa na maji. Beringi nilizipiga kwa ukingo wa nje tu. Anayepiga ukingo wa ndani anaiua beringi mpya kabla haijazunguka hata mara moja.

Sabuni nayo punguzeni. Maji ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria, ni laini, povu huja upesi, na sabuni ya kufulia kwa mikono haifai humo ndani.

Iko kazi moja ambayo mpaka leo moyo wangu haujatulia nayo. Matanki mengine hayana bolti, yamegandishwa kiwandani, nusu mbili zimekuwa kitu kimoja. Ili nizifikie beringi, nayakata kwa msumeno wa chuma, natoboa matundu pembeni, nayafunga kwa skrubu na silikoni. Nimeyafanya mengi na yanafua mpaka sasa. Mengine yamerudi yakidondosha maji pale pale kwenye mshono, na nimeyafungua tena nisione kosa nililofanya. Kwa hiyo tanki la aina hiyo nikiliona, namwambia mteja kabla sijashika msumeno: beringi na sili nazitolea garantii, mshono siutolei. Yule mama tanki lake lilikuwa la bolti.